Sengu Isiyo na Maneno

Wendelin wa Mbuji, kijiji cha milimani, alishuka ziwani kumrudisha mwanawe Sixbert nyumbani, basi. Hakwenda kutafuta dini, ya kwake ilimtosha, na rozari ilikuwa shingoni.

Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kwenye sengu, uwanjani kwa babu. Ugali mmoja, mboga moja, na mwenye kinyongo alikitoa hapohapo. Aliyekula kimya alijulikana: ana kesi na mtu. Leo ukiwauliza vijana sengu ni nini, wanakutazama kama unaomba hela. Soko huria lilipopanda milimani na wanunuzi binafsi wa kahawa, kila mmoja akajifunza kuficha: kwanza kahawa yake, kisha chungu chake, mwisho akafunga mlango wakati wa kula. Wendelin naye aliufunga. Sixbert akasusa, akaenda Tunduru kwenye machimbo ya vito, akaajiriwa na tajiri wa Sri Lanka. Sasa tajiri huyo alikuwa amepanga nyumba karibu na Mbamba Bay, akamleta mtawa wa Kibudha kutoka kwao, na watu, Sixbert akiwemo, wakajifungia humo kwenye mafungo.

Mlangoni Wendelin alipokelewa na Dorothy, Mnyasa aliyewapikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Namtaka Sixbert, mwanangu."

"Yumo. Ila hasemi. Humo hakuna anayesema mpaka mafungo yaishe."

"Wanaumwa?"

"Wazima kabisa! Wanakaa wanasikiliza pumzi zao. Mimi Mwanglikana, baba, usiniulize zaidi. Mtawa anaruhusu mgeni akae nao, mradi anyamaze. Vua viatu."

Wendelin akavua, akaingia, akakaa nao. Mtawa, kichwa kimenyolewa, alifumba macho. Sixbert alimwona baba yake, akainamisha uso. Baadaye wote wakatoka uani, wakatembea polepole, macho chini, kama watu waliopoteza sindano. Wakifika ukutani wanageuka. Wendelin akawafuata, naye akaanza kuitafuta.

Kabla ya adhuhuri chakula kikaja: kila mtu bakuli lake la wali na maharage. Wakala kimya. Hata kikohozi hakikusikika. Wendelin akawatazama mmoja mmoja. Nyumba nzima ina kesi naye! Akaweka bakuli chini, akasimama kama ilivyo desturi ya sengu.

"Mwenye neno na mimi aseme kabla hajameza."

Wakaendelea kutafuna. Mtawa akatabasamu, ikawa mbaya zaidi.

"Baba, hawana neno!" Dorothy alinong'ona dirishani. "Ndiyo sala yao."

"Sala gani ya kununiana?" Akamgeukia mwanawe. "Sixbert, mlango niliufunga mimi. Nimeshaufungua. Njoo ule nyumbani."

Sixbert akatafuna taratibu mpaka akameza. Kisha akainuka na bakuli lake, akavuka chumba, akakaa kando ya baba yake, akaliweka katikati ya magoti yao.

Wakala bakuli moja. Wendelin alimchungulia usoni tonge baada ya tonge. Amesamehewa, au amelishwa ili anyamaze? Kwenye sengu angejua. Hapa mtoto alikula naye kama ndugu na akanyamaza kama mshtaki.

Kengele ikalia. Sixbert akarudi kwenye mkeka wake, akafumba macho. Wendelin akabaki na bakuli tupu, hajui aage au asubiri. Akaliosha, akaliweka mbele ya mwanawe, akakaa kando yake, akajaribu kusikiliza pumzi. Hakujua ni ya nani aliyokuwa akiisikia.