Mfuko wa Udongo wa Mzee Evaristi

Mzee Evaristi, jirani yangu hapa karibu na Mwimbi, ana mdomo na ana mahindi. Miaka tisa anapanda mahindi juu ya mahindi, na kila mwaka magunzi yanazidi kuwa mafupi. Lawama zote anaitupia mvua.

Mkewe, Silvana, ana kipande chake pembeni anachokilima Kifipa hasa. Anafukia nyasi ndani ya ntumba, vile vilima vya udongo, na kupanda maharage juu yake. Msimu unaofuata anavisambaza apande ulezi, ndipo yaje mahindi. Mzee alikitaka kipande hicho kwa mahindi yake. Mama akagoma, na nyumba ikawa haikaliki.

Mwisho wakapatana udongo wa pande zote mbili ukapimwe. Atakayekutwa na mboji nyingi, yaani ule uozo wa mimea unaoipa ardhi nguvu, ndiye atakayeamua kitakachopandwa kote.

Bwana shamba Clemens akaleta mifuko miwili yenye majina yao. Mzee akajitolea kuchimba, mtu ambaye hata jembe hunoa kwa manung'uniko! Nilimwona kwa macho yangu: udongo wa mkewe akautia kwenye mfuko wenye jina lake mwenyewe, wa kwake akautia kwenye mfuko wa mkewe. Nikanyamaza. Mimi napenda kuona mwisho wa mambo.

Majibu yalisomwa kwenye kikao cha wakulima. Mzee kashinda, tena kwa mbali. Akasimama kifua mbele kama bwana harusi.

"Hongera, mzee," Clemens akasema. "Sasa tufundishe. Miaka hii minne ulipanda nini?"

"Mah... hapana. Ulezi. Halafu ntumba, halafu nyasi..."

"Nyasi baada ya ntumba?" Silvana akadakia. "Baba Flavian, hizo nyasi ulizifukia wapi, kitandani?"

Watu wakaangua kicheko. Clemens akayatazama majibu, akamtazama mzee, akaelewa. Nami nilijua mama atammaliza palepale.

Silvana akainuka taratibu. "Bwana Clemens, majibu yaache hivyohivyo. Mume wangu kashinda. Haya, Baba Flavian, amua mbele za watu."

Nilimwonea huruma mzee, kweli.

"Tutapanda kama anavyopanda Mama Flavian."

"Kote?" mama akauliza.

"Kote," akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.