Akina Hamza wa Mtae

Muuguzi Yusta Shemdoe hakumpenda Twaha, fundi wa kompyuta, tangu aliposhuka kwenye gari la makao makuu, na wala hakuficha. Miaka sita anagawa dawa kwenye zahanati ya Mtae, na kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa ubishi wake. Huyu kafika leo kutoka Dar, shikamoo yenyewe kaitoa nusunusu, na tayari anamfundisha kazi.

"Mama, programu yenu imechakachuliwa," Twaha alisema. "Tumetoa toleo jipya. Nafuta hii yenu, naweka safi."

Imechakachuliwa, eti. Yusta alibadilisha kitu kimoja tu. Programu ya makao makuu ikikuta watu wawili wa jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, inawaunganisha wawe mgonjwa mmoja. Sasa huku Usambaani mjukuu hupewa jina la babu, na babu mwenye watoto wengi jina lake linajaa mlima mzima. Kwa hiyo Yusta aliongeza swali: mama yako nani? Mara tatu aliwaandikia makao makuu waliingize kwao. Kimya.

"Ukifuta utaua mtu."

"Mama, acha kunitisha."

Akafuta.

"Haya, gawa wewe," Yusta akasema, akampisha kiti.

Twaha akaita Hamza Shekiondo. Wakasimama wawili dirishani, mmoja wa kisukari, mwingine wa kifafa. Kwenye kompyuta alikuwapo Hamza mmoja, mwenye dawa zote mbili. Shati la Twaha likaanza kulowa.

"Mpe basi," Yusta akasema. "Si toleo safi hilo?"

Hakumpa. Akauliza kama mabadiliko ya Yusta bado yapo popote.

"Nimeyatenga kwenye tawi langu, nakala ya pembeni. Ulidhani nitakuachia wewe akili yangu? Vuta toleo lako jipya, kisha pandisha yangu juu yake."

Mashine ikaenda, ikagoma kwenye mstari mmoja wa programu, ule wa kuunganisha majina. Makao makuu wanasema hivi, Yusta anasema vile, ubaki upi? Kidole cha Twaha kikaelekea ule wa makao makuu, kwa mazoea tu. Yusta akaukamata mkono ule, akaubana.

"Muulize huyo hapo dirishani."

Twaha akamgeukia Hamza wa kifafa. "Mama yako nani?"

"Amina. Huyu mwenzangu ni wa Husna. Tulikuwa watatu. Wa tatu alitibiwa zahanati ya bondeni, kwa programu yenu hiyo. Tulimzika mwezi wa pili."

Twaha akauchagua mstari wa Yusta.