Mihula Minne ya Héritière

Mimi nina kiherehere, na sikatai. Marehemu mama yangu kule Buyenzi, Bujumbura, alikuwa akisema nilizaliwa nimeshasimama. Situlii. Nikisuka kichwa cha mtu, mguu mmoja uko mlangoni, sikio liko redioni, mdomo uko kwa majirani. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba balaa lililompata Mama Héritière lilitoka mdomoni mwangu. Mwangu mimi, Zabibu. Nimechoka kulibeba peke yangu, acha niliseme.

Jina lake ni Marcelline, lakini Yeoville nzima, hapa Johannesburg, inamwita kwa jina la binti yake. Ni Mkongo wa Uvira, mshonaji. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja karibu na mtaa wa Rockey, tukakigawa kwa pazia: yeye na cherehani mbele penye mwanga, mimi na vioo vyangu nyuma. Ni mtu wa kupima mara tatu ndipo akate. Bibi harusi analia, "Mama, kata tu, harusi ni kesho!" naye anamtazama juu ya miwani, anachukua utepe, anapima tena. Uzito ule uliniudhi. Bado unaniudhi mpaka leo.

Mwaka 2015, mwezi wa kumi, wanafunzi wa vyuo waliingia barabarani kupinga ada kupanda. Huko Braamfontein na Doornfontein barabara zilifungwa, wateja wangu hawakufika, nikabaki nazunguka mle ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama Héritière yeye alisimamisha cherehani akasikiliza redio mpaka mwisho. Binti yake alikuwa darasa la kumi, na kichwa cha yule mtoto kilikuwa moto.

"Kama leo wanapandisha hivi," alisema, "akimaliza shule itakuwaje?"

Jumatatu iliyofuata akapanda teksi mbili hadi Randburg. Mteja wake mmoja alikuwa amemwambia habari za chuo cha binafsi huko, chenye mpango wa kulipia masomo kabla. Unanunua muhula mmoja leo kwa bei ya leo, mtoto anakuja kuusoma baadaye, hata bei iwe imepanda mara mbili. Diploma yote ni mihula sita. Mimi nilielezwa mara tatu nisielewe. Yeye alielewa palepale. "Ni kununua kitambaa kabla ya Desemba," alisema, akarudi na kadi ya manjano yenye vyumba sita vitupu vya kupigwa mihuri.

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mlango wa mbele haukufunguliwa. Watu walimwambia alipe kwa benki, asipoteze siku nzima. Akakataa. Alitaka kuona wino. Bei ya muhula ikikamilika, yule binti wa ofisini anapiga muhuri kwenye kadi, na Mama Héritière anarudi, anaiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vigurudumu vya nyuzi, halafu anakaa kushona bila hata kula. Umeme ukikatwa alihamia kwenye cherehani ya miguu. Nguo moja aliivaa Pasaka mbili. Sikuwahi kumsikia akilalamika, ila nilimsikia akikohoa, na nilimsikia akimwambia Héritière, "Wewe soma. Vyombo nitaosha mimi."

Mwisho wa 2017 kadi ilikuwa na mihuri minne. Miaka miwili ya chuo, imelipwa, iko kwenye droo.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na sita Desemba, saluni imejaa hadi nje, vidole vyangu vinawaka. Redio ikasema: kuanzia mwaka ujao, serikali itawasomesha bure vyuoni watoto wa maskini. Bure! Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikalivuta pazia karibu nilichane.

"Mama Héritière! Umesikia? Bure! Chuo ni bure!"

Hakuinua mguu kwenye cherehani. "Nani amesema?"

"Serikali! Si unasikia redio?"

"Watoto wa nani?"

"Wa maskini! Sisi ni nani kama si maskini? Au wewe tajiri, unatuficha?"

Saluni nzima ikacheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa haya. Nawaambia, lile swali lake lilikuwa ndilo swali. Alilipima vizuri kama anavyopima kila kitu. Mimi nikalichekelea mbele za watu.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini nilijua kwamba karakana moja ya Doornfontein inafungwa, na wanauza cherehani kubwa ya umeme, ile ya kushona sare za shule kwa haraka. Mama Héritière alikuwa ameizunguka mwaka mzima akiigusa tu. Januari ni msimu wa sare. Nikaanza: pesa zako zimelala Randburg zinafanya nini? Mtoto anasoma bure, wewe ungali unakanyaga cherehani ya bibi zetu? Ofisi yao inafunga Jumatano kwa sikukuu, ukichelewa ndiyo basi! Siku mbili nilimwimbia hivyo. Jumatatu nikafunga saluni, Desemba ile, nikamsindikiza mwenyewe.

Yule binti wa ofisini alituuliza mara mbili. Alisema ukitoa pesa, wanakata sehemu yao, na ile bei ya zamani inakufa, hairudi. Mama Héritière alishika kalamu juu ya karatasi, akasoma mstari wa kwanza, akasoma tena. Nje nilikuwa naona watu wanajipanga.

"Saini," nikamwambia. "Tutakosa teksi."

Akasaini.

Januari tulicheka sana. Cherehani mpya ilinguruma mpaka vioo vyangu vikatikisika, sare zikatoka mafungu kwa mafungu. Matokeo yakaja, Héritière amefaulu vizuri, na chuo kikuu pale Doornfontein, alikokuwa ameomba kwa kujaribu tu, kikampa nafasi. Kwa miguu anafika! Nilinunua soda, nikagawa hadi kwa wapita njia.

Siku ya kujiandikisha alirudi saa saba mchana. Alisimama mlangoni na bahasha ya vyeti vyake kifuani. Héritière Kiswahili anakisikia chote, ila mwenyewe anazungumza Kiingereza na Kizulu na wenzake. Siku ile alizungumza Kiswahili, polepole, ili tuelewe sote, akinigeukia mimi anayeniita tantine, shangazi kwa Kifaransa cha kwao.

"Tantine, ile ya bure ni ya raia. Wanataka namba ya kitambulisho cha raia. Mimi nina karatasi ya ukimbizi."

"Umewaambia umesoma hapa tangu darasa la kwanza?"

"Nimewaambia."

"Umewaambia mama yako..."

"Tantine, hakuna pa kuandika hayo."

Mama Héritière alitoa mguu kwenye cherehani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, wallahi, mimi matusi nayaweza. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Watoto wa nani," basi, kama mtu anayejikumbusha kitu. Halafu akalivuta pazia.

Siku tisa hakuzungumza nami. Nilisikia mkasi wake tu. Mwenye ile karakana ya Doornfontein akaichukua tena cherehani yake kwa nusu ya bei, na kwa kuwa ada ya chuo kikuu hatukuiweza, Mama Héritière akaenda Randburg peke yake kuuliza. Mkutano wao nilielezwa na Héritière: nafasi ipo, lakini kwa bei mpya, na mwaka wa kwanza wote ulipwe kabla ya Januari kwisha. Alichokuwa nacho kilifika nusu ya mwaka. Nusu! Naye alikuwa amekaa juu ya miaka miwili kamili, mpaka mimi nilipomnyanyua.

Sikutulia. Nilimchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele. Nilikwenda msikitini, nikaenda hata kanisani kwao, nikapanda Rockey nikashuka Rockey nikiuliza nani anajua mtu anayejua mtu. Watu walinihurumia, wakaniambia eish, dada Zabibu, pole sana. Pole hailipi ada.

Kitu kimoja nilikuwa nacho, na nilikuwa nakikimbia kukifikiria. Tuna upatu wetu wanawake kumi na wawili, Wakongo wanauita likelemba. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunachanga, mmoja anachukua chote. Zamu ya Januari ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshapata chumba karibu na soko, chumba changu, chenye mlango wake na sinki lake la kuoshea nywele, na mwenye nyumba alikuwa ananingoja Jumatatu na ufunguo. Miaka sita nyuma ya pazia! Nilikuwa nimeshachagua rangi ya ukuta.

Tena likelemba yetu ina sheria. Zamu haigawiwi chini ya meza. Zamani kulikuwa na mwenzetu ambaye mumewe alimlazimisha "kumpa wifi yake," ndipo tukakubaliana: anayetaka kumpa mwingine zamu asimame, aseme anampa nani na kwa nini, wote wasikie. La sivyo, pesa hazitoki.

Jumapili ile, sebuleni kwa Mama Placide, mweka hazina wetu, nilisimama. Mama Héritière alikuwa kwenye kiti cha kona, pochi magotini.

"Zamu yangu nampa Mama Héritière."

"Kwa nini?" akauliza Mama Placide.

Mimi! Mimi ambaye mdomo haujawahi kunikosa! Nilitazama zulia, nikasema:

"Kwa sababu nilisikia habari nusu, nikaitangaza nzima. Aliniuliza watoto wa nani, nikamcheka. Nilimpeleka mwenyewe akatoe ada ya mtoto, nikamharakisha asaini. Yeye alikuwa anasoma karatasi, mimi nikamwambia tutakosa teksi."

Hakuna aliyecheka. Wengine walikuwa saluni siku ile, walicheka nami, sasa nao walikuwa wanatazama zulia. Nilikuwa nalia na kamasi, sina hata leso.

Mama Héritière akasema kutoka konani, "Saini niliiweka mimi. Hakunishika mkono." Tukangoja, maana yule mama hafanyiwi haraka. "Lakini nakubali."

Hakusema asante. Na mimi sikuitaka.

Jumatano, siku ya mwisho, tulikwenda Randburg watatu. Binti wa ofisini ni yuleyule, alitukumbuka, akatuvutia kiti kimoja cha ziada. Tukalipa mwaka wa kwanza. Kadi mpya ikapigwa mihuri miwili, na vyumba vinne vikabaki vitupu. Halafu akaleta fomu ya walipaji, kwa sababu pesa ilitoka kwa watu wawili. Héritière ndiye aliyekuwa anajaza. Kwenye jina langu akasimama.

"Mama, hapa wanauliza tantine ni nani kwangu. Niandike jirani?"

Mama Héritière alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kama anayenipima gauni. Mimi sina mtoto, na yeye anajua kwamba huwa sitaki jambo hilo liguswe.

"Andika mama mdogo," alisema.

Mtoto akaandika. Fomu ikasukumwa mbele yangu pamoja na kalamu. Nikaishika, nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kiingereza changu si kirefu, nikawa nauliza hili neno ni nini, na hili je, na hapa chini mbona maandishi ni madogo hivi. Binti wa ofisini akatazama saa ya ukutani. Héritière akaanza kuvuta mkono wangu. Nikarudi mstari wa kwanza, nikausoma tena, maana niliapa sitaharibu kitu cha yule mtoto mara ya pili.

Nyuma yangu nikasikia pumzi, na baada yake kicheko kidogo, kile cha haya, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Desemba.

"Saini, Zabibu," akasema Mama Héritière. "Tutakosa teksi."