Ndege wa Kioo Aliyefunikwa

Tik. Mdomo wa ndege ukigusa ukingo wa glasi hutoa sauti ndogo kiasi hicho, ndogo kuliko ya kijiko kwenye kikombe. Lakini nikiisikia, hata hapa Eldoret, hata katikati ya ngurumo za mashine za kupozea maziwa ambazo ndizo riziki yangu, narudi hadi sebule yetu ya Minto, Sydney, nikiwa na miaka tisa na kitambaa cha kufuma mkononi.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana asiyejitaja hutajwa vibaya. Mimi ni fundi wa majokofu na vyumba vya baridi. Nina diploma, na niliitolea jasho: mchana darasani, jioni nikiosha sufuria katika mkahawa wa Bankstown, huko huko Sydney, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu na sanduku la vifaa. Leo kuna mashamba ya maua ambayo hayamwiti fundi mwingine. Nikielekeza kamera yangu ya joto kwenye ukuta wa chumba cha baridi, naona kwa rangi mahali ambapo joto linapenya, na wenye mali hunitazama kama watu wanavyomtazama daktari. Nayataja haya ili msomaji wangu ajue kuwa jambo ninalolikiri hapa chini halikutokana na upumbavu. Nilikuwa mtoto mwerevu, na ubaya wote ulianzia hapo.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Mmoja wao, Mzee Alan, alikuwa mwalimu wa sayansi enzi zake. Mama alimwogesha, akamlisha, akamsikiliza akirudia hadithi moja mara sita kwa siku. Ndipo siku moja yule mzee akamwambia afungue kabati lake, atoe ndege.

Alikuwa ndege wa kioo mwenye miguu ya bati. Tumbo lake la mviringo lilijaa kimiminika chekundu, shingo ilikuwa mrija mwembamba, na kichwa kilivikwa kitambaa laini cha sufu, kofia nyeusi juu na unyoya mkiani. Ukimlowesha kichwa na kumwekea glasi ya maji mbele, alianza kuyumba, akainama, akachovya mdomo, tik, akainuka, akayumba tena. Hakuwa na betri wala ufunguo wa kuzungusha. Mama alisema kwamba katika miaka yote ya kuwageuza wazee vitandani, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kupewa na mtu aliyemtazama usoni.

Nyumbani tuliishi na Nekesa, mdogo wake Mama. Alikuja Sydney kusomea uuguzi, akalala kitanda cha chini chumbani kwangu, na hadi leo harufu ya mafuta ya nazi kwenye mto hunikumbusha shingo yake. Nilimwita Mama Mdogo. Kila asubuhi kabla ya kukimbilia treni alimlowesha ndege kichwa kwa ncha ya kidole na kumsalimia, "Mlevi wangu, umeamkaje?" Kisha alinigeukia. "Nafula, huyu tukimpeleka nyumbani Bungoma, wazee watakosa busaa. Atamaliza mtungi peke yake." Mimi niliamini kabisa kuwa ndege ana kiu isiyokwisha. Nilikuwa nikipima kwa rula maji yaliyopungua glasini na kuyaandika daftarini. Mwalimu wetu alikuwa amenibandikia nyota ya sayansi, na nyota hiyo niliihamisha kutoka shati hadi shati kwa wiki nzima.

Sasa, mnajua sebule za watu wetu. Tulivuka bahari tukaacha mashamba, lakini vitambaa tulivibeba. Makochi yetu yalivikwa vitambaa mgongoni na mikononi. Televisheni ilikuwa na chake, redio chake, hata rimoti ilikaa ndani ya nailoni iliyofungwa kwa mpira. "Kitu kizuri hufunikwa," Mama alikuwa akisema, na alilisema neno hilo kama wengine wanavyosema amri za Mungu.

Juma moja Mzee Alan akafariki. Mama hakuambiwa na mtu. Alifika zamu yake, akakuta kitanda kimetandikwa shuka mpya na mwenzake anapita koridoni akisema mgeni mwingine anakuja saa nne. Alirudi nyumbani, akapika, akatuuliza kama tumemaliza kazi za shule. Kisha akaketi mbele ya ndege na kumtazama akinywa mpaka ugali ukapoa.

Jumamosi ile ilikuwa zamu yetu ya ibada ya nyumbani. Wakenya walikuja, na Wakongo pia, na kila mmoja alikuja na watoto, na kila mtoto alikuwa na mikono kumi. Nilihofia ndege wetu. Gereji kulikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki, tuliloliokota kando ya barabara siku majirani walipotoa vitu vyao vya kutupa. Nikalisafisha, nikalipindua, nikamfunika ndege pamoja na glasi yake ya maji, na juu ya tangi nikatandaza kitambaa cheupe kipya. Ndege aliendelea kuinama ndani yake kama muumini mwenye kanisa lake mwenyewe. Mama alipoona alinishika kidevu mbele ya wageni.

"Mmeona? Huyu hakuambiwa na mtu. Kitu kizuri hufunikwa!"

Nilivimba kama andazi.

Wimbo wa kwanza ndege alikuwa akinywa. Wakati wa ushuhuda alianza kuchelewa. Maombi yalipokwisha nilifumbua macho kabla ya "amina" na kumkuta amesimama wima, tone moja likining'inia mdomoni, kimya.

"Mama," nikasema, "ndege amekufa."

Mama aliinuka polepole. Alimtazama kupitia kioo kwa muda mrefu kuliko ule uliohitajika.

"Nani alimshika leo?"

Kila mtu nyumbani alijua jibu.

"Ni mimi, Dada," Mama Mdogo akasema. "Nimemlowesha tu kichwa, kama kila siku."

"Kama kila siku. Na leo umemminya?"

"Sijamminya. Dada, hebu mtoe kwanza kwenye hilo tangi. Pengine anakosa hewa."

Sebule ikacheka. Mgeni mmoja tuliyemwita mjomba akapiga goti lake. "Nekesa! Ndege wa kioo anataka hewa? Na huko chuoni ndiyo wanakufundisha hivyo?"

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipopanda juu ya kigoda. Sikuitwa. Nikasema kwa Kiingereza safi, kile cha shuleni ambacho watu wazima walikionea fahari na haya kwa pamoja, kwamba kioo si kiumbe hai, kwamba vinavyopumua ni vile vyenye uhai tu, kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Kisha nikacheka. Nilicheka kuwapita wote, kichwa nyuma, meno yote nje.

"Mtoto amekufundisha leo!" mjomba akasema.

"Sawa," Mama Mdogo alijibu, akijaribu kutabasamu. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini ngoja niliinue tu tuone." Akanyoosha mkono kwenye tangi.

Mama akaupiga mkono ule. Kofi lile lilisikika chumba kizima.

"Usimguse tena! Nimekutoa Bungoma, nimekulaza kwa mtoto wangu, nimekuvumilia na sufuria zako za kuungua. Kitu kimoja tu nimepewa katika nchi hii, Nekesa. Kimoja! Ukakivunja, na bado unatutania mbele ya watu."

Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyeishi Rooty Hill, upande mwingine wa Sydney, alijaribu kuingilia. "Mama Nafula, wacha tu, ni ka kitu ka plastiki."

"Ni kioo," Mama akasema.

Jumatatu Mama Mdogo alifunga begi lake. Mama Furaha alimwambia, "Kuja kwangu, tutafinyana humo humo," naye akaenda. Aliniachia kopo la mafuta ya nazi kitandani. Sikumsindikiza hadi kituoni. Nilikuwa na kipindi cha vikaragosi kwenye televisheni.

Mambo mengine niliyapata vipande vipande, watu wazima wakinong'ona jikoni. Kutoka Rooty Hill chuo kilikuwa mbali. Kodi ilitaka zamu za ghala la kupakia mboga, zamu zikala vipindi, vipindi vikala mitihani, na viza ya mwanafunzi haimngojei asiyefika darasani. Alirudi Kenya bila cheti. Mama hakwenda uwanja wa ndege. Ndege wa kioo alikuwa amefungwa tangu usiku wa ibada ndani ya kitambaa kile kile cheupe na kuwekwa kwenye kasha la viatu, bila yeyote kumjaribu tena.

Miaka ikapita, nami nikaingia chuo cha ufundi. Mwaka wa pili mkufunzi alitukabidhi kamera za joto twende nazo nyumbani mwisho wa juma, tukapime chochote. Nilipima friji, birika, paka wa jirani. Kisha nikakumbuka kasha la viatu. Nilimweka ndege kwenye meza ya jikoni mbele ya glasi ya maji, nikamlowesha kichwa bila kutarajia chochote, nikamtazama kupitia kamera.

Kichwa kilianza kugeuka rangi. Kutoka rangi ya chungwa ya chumba kizima kikaingia zambarau, kisha buluu nzito, huku tumbo likibaki chungwa. Maji yalikuwa yakikauka kwenye kile kitambaa cha sufu na kuondoka na joto lake, kama jasho linavyompoza mkimbiaji. Ndani ya ndege hamna maji, kuna kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke hata kwa joto la kiganja. Kichwa kikipoa, mvuke wa juu husinyaa, na mvuke wa tumboni, ambao bado una joto, hukisukuma kimiminika kupanda mrija. Niliona kikipanda. Kichwa kikawa kizito. Ndege akainama.

Tik.

Nilikaa chini sakafuni. Hakuwa amevunjika. Hakuwahi kuvunjika hata siku moja.

Sikuishia hapo, na ni afadhali ningeishia. Nililitoa tangi gereji, likiwa limejaa viatu, nikamfunika tena kama siku ile. Kwa macho nilimwona ndege vizuri. Kwa kamera sikumwona kabisa. Kioo hupitisha mwanga lakini joto la namna hiyo hakilipitishi, kwa hiyo kamera ilinionyesha ukuta wa tangi tu, na juu yake, kwa rangi hafifu ya moto, uso wangu mwenyewe.

Nilisubiri. Hewa ya ndani ilishiba unyevu, kama nguo zisivyokauka siku ya mvua. Ndege akachelewa, akasimama. Nikaliinua tangi haraka na kuelekeza kamera: kichwa na tumbo rangi moja. Dakika chache kwenye hewa kavu ya jikoni, kichwa kikarudi buluu, naye akaanza tena bila kinyongo. Mtoe kwanza kwenye hilo tangi. Ingechukua dakika hizo chache tu, mbele ya wageni wale wale.

Mama alirudi kutoka zamu akamkuta ndege anakunywa. Nilimwonyesha kwenye kamera, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama, begi begani.

"Kwa hiyo hakumvunja," akasema.

"Hakumvunja. Ni mimi niliyemfunika."

Aliteremsha begi kitini. Kisha akasema, "Zima hiyo kamera. Na usimpigie simu. Yameshapita." Akachukua kitambaa na kukikunja mara nne, mara nane, mpaka hakikukunjika tena.

Nilimtii. Nilikuwa mtu mzima nikimtii mama katika jambo baya, kwa sababu lilinifaa. Nikamaliza diploma na kutunukiwa cheti. Nilitafuta maneno ya kumwambia Mama Mdogo na kila nilipoyapata nilikuta yananisifu mimi: jinsi nilivyogundua, jinsi nilivyopima.

Nilikwenda kwake mwaka niliporudi nyumbani. Anashona sare za shule Bungoma, kwenye chumba chenye cherehani mbili na harufu ya mafuta ya mashine. Nilimbebea ndege na kamera. Nikapanga kila kitu mezani kwake, nikaeleza vizuri, nina kipaji cha kueleza. Alitazama buluu na chungwa akiwa ameegemeza shavu kwenye kiganja.

"Kumbe ni kukauka tu," akasema. "Sasa mama yako ameliona hili?"

"Ameliona."

"Lini?"

Nikamwambia ni miaka mingapi. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu mishono.

"Mama Mdogo, ulikuwa sahihi. Nimekuja kukuambia hivyo."

"Mimi nilijua nilikuwa sahihi, Nafula. Sikuhitaji kamera." Alichomoa uzi kwenye sketi ya mtoto wa watu. "Huyo ndege nilishamsahau zamani. Mama yako kunipiga mkono pia nilisahau, yule ni dada yangu. Ila wewe nilikuwa nakulaza kifuani ukiota ndoto mbaya. Ule mcheko, ulipanda na kigoda kabisa."

Niliomba radhi. Alisema sawa, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu. Nilimwomba abaki na ndege, akakataa. Akaniuliza kama nitakunywa chai, na alipoinuka kuipika aliiondoa ile glasi ya maji mezani, akamwagilia ua lake dirishani.

Ndege aliendelea kuinama mahali ambapo glasi haikuwepo, maana kichwa bado kilikuwa na unyevu. Niliketi na kamera yangu ya bei kubwa, nikaitazama ile buluu ikififia, zambarau, kisha chungwa, mpaka kichwa na tumbo vikawa kitu kimoja. Wakati huo nilielewa nilichokifanya juu ya kigoda. Nilikuwa nimelijua jina la kila kitu pale sebuleni isipokuwa yule mtu aliyesimama mbele yangu akiomba dakika chache. Nyuma ya pazia birika lilianza kuvuma, na Mama Mdogo akaniuliza, kama anavyoulizwa mteja, sukari anitilie vijiko vingapi.