Akina Wafula wawili ndani ya faili moja: vile mbegu ya mama iliponea kupikwa

Wakuu, hamjambo nyote, hata wewe ambaye unasomanga tu bila kusema kitu. Hii ilinipata mimi mwenyewe na nitaisema vile ilikuwa. Chumvi mtaonja ni ile ilikuwa ndani tangu mwanzo.

Lakini wacha nianze na lori.

Nikiwa kijana nilikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori ya vitunguu, kutoka Suam kuja Kitale. Siku moja tukazama kwa matope. Dereva wetu alikuwa mtu wa kiburi, akakataa tusukumwe. Akakaa ndani anapiga honi, ati matope itasikia.

Tukalala kwa mama mmoja hapo karibu. Akatupea mahindi ya kuchemsha, ile ya rangi rangi: nyeupe, nyekundu, zingine kama zambarau iliyoiva. Nikauma moja nikamkumbuka mama yangu, maana yeye alikuwa anapanda hio hio kwetu Bungoma. Nikalia kidogo. Wenzangu wakadhani ni moshi.

Asubuhi trekta ikatoa lori, dereva akasema ni honi. Haya.

Sasa hio mahindi ilipotea bana. Sisi wote tukaenda kwa mbegu ya duka, na mama akafa, nikajua imeisha.

Halafu miaka michache iliyopita dada yangu akapata gunzi chache za hio mahindi, punje bado ziko, kwa jikoni ya zamani ya mama, zimening'inia juu ya moto, nyeusi ya moshi. Akaniletea huku Endebess kwa karatasi ya sukari. Nikapanda kidogo. Nikavuna, nikapanda tena, nikavuna, mpaka nikafika gunia moja.

Gunia moja wakuu. Hakuna ingine najua mahali iko.

Na mwaka huo mvua ikakataa kuacha wakati wa kuvuna. Jua hakuna. Mahindi ikaanza kunusa. Ningengoja wiki ingine ningekuwa na chakula ya nguruwe. Nikabeba gunia mpaka Kitale, kwa draya ya Harun, mashine ya kukausha nafaka.

Harun ni mtu wa mtaa wa Tuwan, anakaa karibu na msikiti, roho safi, mdomo mwingi. Draya yake inakausha mzigo mmoja mmoja. Kompyuta ndogo imefungwa kwa ukuta, na ile programu ya kuiendesha aliandikiwa na binti yangu, Nekesa, ambaye anafanya kazi ya kompyuta Bungoma. Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini Nekesa amenifundisha Python kidogo kwa simu tangu magoti ikatae kulima siku nzima. Ninasoma polepole kama mtu anachagua mchele.

Iko hivi. Kuna faili ya settings. Kila mkulima ana sehemu yake, jina ndani ya mabano ya mraba, chini yake vile mzigo wake unataka:

[Wafula]
kazi = mbegu
joto = 40

Ndani ya Python kuna kitu inaitwa configparser. Hio ndio inasoma faili na kutenganisha sehemu. Harun anaandika jina kwa kibodi, mashine inachukua joto ya huyo mtu. Basi.

Mimi ndio Wafula, Harun aliniandika nilipopiga simu kuomba nafasi. Arobaini ni yangu, kwa sababu mbegu haitaki moto. Ya unga unaweza kausha na sitini, hakuna shida. Lakini mbegu ukiipea sitini umeipika. Kwa macho itakaa sawa, ing'are hata, lakini ukipanda haimei ng'o.

Nikamwaga mahindi ndani. Harun akaandika jina, feni ikaanza kuvuma. Mimi nikakaa kwa mkebe nangoja chai.

Hapo kulikuwa na mzee mwingine amekuja na pikapu kutoka Bungoma, mwenye posho mill, kinu cha kusaga unga. Tukasalimiana.

"Unaitwa nani mkubwa?" akaniuliza.

"Wafula."

"Aa! Mimi pia! Wewe ni Wafula wa mvua gani?"

"Ya kupanda. Na wewe?"

"Mimi nilizaliwa na ya mawe. Mabati ilitoboka. Ndio maana niko na kichwa ngumu."

Kwa wale hawajui: kwetu Wabukusu mtoto akizaliwa wakati wa mvua ni Wafula, wa mavuno ni Wekesa, wa kiangazi ni Simiyu. Na vile mvua siku hizi haiachi, akina Wafula tutajaa mpaka tukose mahali pa kukaa.

Nikacheka nikageuza kichwa, macho ikaangukia skrini.

Wafula. Lengo: 60. Sasa: 37.

Nikaangalia tena. 38.

"Harun! Zima!"

"Nini mzee?"

"Zima hio kitu! Unapika mama yangu!"

Akaruka, akazima. Feni ikalia ikinyamaza. Nikaingiza mkono ndani ya mahindi, ilikuwa na joto kama ya ng'ombe asubuhi. Haijafika mbali. Yule Wafula wa mawe akanishika bega.

Harun akaapa alikuwa ameandika arobaini. Tukafungua faili. Ni kweli, arobaini iko pale. Nikateremka na kidole, pole pole, mpaka chini kabisa:

[Wafula]
kazi = unga
joto = 60

Nikapigia Nekesa, nikaweka simu kwa spika.

"Nekesa, mashine inataka kuniua."

"Baba, watu husalimiana kwanza."

"Hujambo. Mashine inataka kuniua."

Nikamsomea yote. Akasema: "Hio haiwezekani. Configparser ikiona sehemu mbili jina moja inakataa kusoma. Inatoa DuplicateSectionError na kusimama. Nisomee ule mstari wa ConfigParser."

Nikasoma: ConfigParser(strict=False).

"Nani aliweka hio strict=False?"

Harun akajikuna. "Ni mimi dada. Jana mzee huyu alipopiga simu niliandika Wafula wa pili, ikaanza kupiga kelele, na watu wanangoja kwa laini. Nikatafuta kwa mtandao, mtu akasema weka hio. Kelele ikaisha."

"Kelele ndio kazi yake Harun! Ukiizima inaunganisha wote wawili, na ile ya chini inafunika ya juu."

"Sasa niandike nini, na wote ni Wafula?"

"Kwenu mnafanyanga aje?"

Harun akacheka. "Kwetu ukiita Mohamed msikitini safu nzima inageuka. Kwa hivyo tunasema Mohamed Fundi, Mohamed wa Duka..." Akasimama hapo hapo. "Wacha! Si niandike hivyo?"

Akaandika [Wafula wa Endebess] na [Wafula wa Posho Mill]. Mimi nikaondoa strict=False kwa kidole changu mwenyewe. Halafu Nekesa akanisomea, nikaandika (c ndio jina la ConfigParser yetu):

for m in c.sections():
    print(m, c.getint(m, "joto"))

Ikatoka orodha ya wakulima wote, na ndani yake: Wafula wa Endebess 40. Wafula wa Posho Mill 60.

Wakuu, yule wa mawe alipiga kigelegele kama mwanamke wa harusi. Harun akaongeza [Wafula wa Endebess] bandia wa pili kujaribu, mashine ikakataa, ikapiga kelele, tukaishangilia kama goli.

Mahindi ikakauka na arobaini yake, pole pole. Nikachukua kiganja nikafunga kwa kitambaa cha maji. Siku chache baadaye nikafungua. Zote zimetoa vidole vyeupe. Zote! Nyeupe, nyekundu, na ile ya zambarau. Nikaita dada yangu akuje aone, akazihesabu moja moja.

Funzo ni hii: programu ikigombana na wewe, usitafute dawa ya kuinyamazisha, uliza inagombania nini. Na faili yako iite watu vile kijiji kinawaita. Na kitu ingine nilijifunza, configparser inasoma kila kitu kama maandishi, ndio maana Nekesa alisema getint. Ukitaka namba, uombe namba.

Wewe je, ni error gani ulizima halafu ikakupata? Na huko kwenu mko akina nani wengi? Semeni hapo chini.

Najua mtu atauliza kama Harun aliniandika kazi. Siku nilienda kuchukua gunia alikuwa amenitafutia kiti, dastikoti ya buluu, lile koti la kazi, na kikombe changu mwenyewe. Ati niwe mkubwa wa kuangalia faili. Nikamwambia faili sasa inajua kugombana yenyewe. Akasema kaa hata chai. Nje mawingu ilikuwa imefunguka na udongo unanuka vile unanukanga ukitaka mbegu.

Nikaweka gunia kwa bega, nikatoka kwa geti kwenda kupanda, na sijarudi.