Nyota Iliyobaki

Kila taa ya barabarani aliyoiwasha fundi ilifuta nyota kadhaa, hata juu ya mtaa wao ikabaki moja tu. Mama yake, mjane, akipanda juu ya paa kuanua nguo giza likiingia, aliiamkia. “Baba yako yule. Hajatutupa.”

Fundi alijua ni taa ya mnara wa simu. Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Lakini angeanzaje kusema? Alikuwa hodari wa nyaya, si wa maneno ya namna hiyo.

Mnara ulipotakiwa kubomolewa, yeye ndiye aliyetumwa kuishusha taa. Jioni ile mama, nguo begani, aliitafuta nyota yake mpaka shingo ikamuuma. Taa yenyewe ilikuwa nyuma yake, ndani ya mkoba wa fundi.

“Mwanangu,” mama alisema, “sasa baba yako amekufa.”