Siku Nilipolipima Gari la Rekodi kwa Sumaku

Dada yangu aliposwa na mtu wa turubai. Ndivyo tulivyomwita nyumbani, maana kila tulipomwona alikuwa juu ya lori, amekalia turubai kama kuku anayeatamia, na chini ya turubai hilo, kwa maneno yake mwenyewe, kulikuwa na gari lenye mbio kuliko yote yaliyopata kukanyaga ardhi.

Lori lilikuwa linatoka bandarini kwenda nchi jirani, kwa tajiri mmoja wa madini. Lilipofika Kizota, mtaani kwetu, giaboksi ikasaga meno yake yote. Nasema yote, yaliyobaki ungeweza kuyachambua kwenye ungo pamoja na choroko. Likasukumwa na watu arobaini, au kumi na wawili, mpaka uwanja wa gereji niliyokuwa nafanya kazi, likakaa hapo wiki saba kusubiri spea.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Milango ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kinaingia: redio zilizokufa kabla kaseti haijamaliza upande wa kwanza, betri zilizojaa kitu kama mchanga, sabuni zisizotoa povu hata ukizibembeleza. Baba alikuwa fundi cherehani, barazani kwetu, na nguo za kafa-ulaya zilikuwa zimemmaliza. Aliyekuwa akishona suti za mabwana wa ofisini sasa alibaki kupunguza suruali za marehemu wa Ulaya. Kwa hiyo chochote kilichoshuka melini alikitazama kwa jicho moja, lile lingine akilifumba kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Dada, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyetulisha. Alikuwa na banda la chakula nje ya gereji: ugali, maharage, mlenda, chapati siku za wenye bahati. Mtu wa turubai alikula hapo mchana wa kwanza, akala tena jioni, na wiki ya nne ikaja barua ya posa, imeletwa na mjomba wake aliyepanda treni kutoka Tabora, akaifungua kutoka kwenye leso iliyopigwa pasi.

Baba aliipokea, akamkirimu mgeni, akamwambia atapata jibu kabla ya Ijumaa. Mgeni alipokwenda kuswali, baba akaniita pembeni. Alikuwa akiokota pini sakafuni kwa sumaku yake ndogo iliyofungwa uzi, kazi aliyoifanya kila siku maisha yake yote.

"Huyu kijana anasema kazi yake kulinda gari. Wewe umeliona?"

"Bado, baba. Halifunuliwi."

"Wiki nne? Hata maiti haifunikwi wiki nne." Akazibandua pini na kuzitia kwenye kisahani. "Mtu akidanganya habari za gari, atadanganya na habari za mke mwingine aliyemwacha huko atokako. Wewe ndiye fundi wa nyumba hii. Kalipime. Ukisema gari ni la kweli, namjibu mjomba wake ndiyo. Ukisema ni la uongo, arudi Tabora na barua yake."

Hapa lazima niungame. Mimi sikuwa fundi. Nilikuwa karani wa gereji: niliandika gari limeingia lini, linaumwa nini, limetoka lini. Lakini nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na niliposoma kitabu cha gari kwa Kiingereza mafundi wenyewe waliweka spana chini kunisikiliza kama hotuba ya Idi. Mtaani wakaanza kuniita fundi, nami sikuwa na haraka ya kuwasahihisha. Kila jioni kabla ya kurudi nyumbani nilijipaka grisi kidogo kwenye mkono wa shati, kama mwingine anavyojipaka manukato.

Fundi mkuu mwenyewe alikuwa amekwenda Kibakwe kutengeneza mashine ya kusaga. Nikaona ni bora hivyo. Hakuna wa kunicheka. Nikachukua kabatini sumaku ya fundi bodi. Miaka ile magari yaliyotumika yalikuja yakiwa yamegongwa na kufichwa majeraha kwa puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde unaokauka ukawa mgumu, na rangi juu yake. Fundi bodi alikuwa na sumaku ya spika ya redio, ameizungushia kitambaa. Anaipitisha: ikinata, hapo ni bati, ikianguka, hapo ni puti. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara elfu.

"Karibu, shemeji," mtu wa turubai akanipokea juu ya lori.

"Shemeji wa nani? Barua haijajibiwa."

"Basi karibu, bwana ambaye hajajibu barua."

Akacheka peke yake, akafungua makufuli matatu, akavuta turubai mpaka mwisho. Wallahi niliinama kabla sijaona sababu. Kitu kilikuwa chini kama mjusi anayeota jua, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na mlango wake hakuufungua kwa pembeni bali aliuinua juu, kama jogoo anayejiandaa kuwika. Ndani, viti viwili tu. Karibu na usukani palikuwa na kibati chenye namba.

"Yametengenezwa machache sana," akasema. "Kila moja lina namba yake, kama mkimbiaji."

"Yanatengenezwa ya nini?"

"Kuvunja rekodi ya mwendo. Hili ukilianzisha hapa, Nzuguni, ng'ambo ya mji, utafika tonge ulilotia mdomoni hujalimeza."

"Matairi je?"

"Kwa mwendo wake wote? Robo saa yameisha."

"Kwa hiyo linafika bila matairi."

"Halikutengenezwa kufika, bwana. Limetengenezwa kukimbia."

Shaka yangu ikavimba kama andazi. Nikamwambia afungue mbele. Akafungua. Patupu! Pangetosha furushi moja la nguo.

"Injini iko wapi?"

"Nyuma ya viti."

"Nyuma," nikasema, kwa sauti ya daktari anayeandika habari mbaya. Nikatoa sumaku.

Nikaiweka kwenye pua ya gari. Ikateleza, ikaanguka. Kwenye mlango: ikaanguka. Paa: ikaanguka. Nililizunguka gari lile lote nikiinama na kuinuka mpaka kiuno kikalia, na sumaku haikunata mahali popote, hata padogo kama kucha.

"Hilo halishiki sumaku," akasema taratibu. "Ndiyo maana ni jepesi."

"Kila mwenye puti husema hivyo."

Alilifunika gari lake, akafunga makufuli, moja, la pili, la tatu, na kwa mara ya kwanza hakuniita chochote.

Jioni ile, baada ya chakula, nilimpa baba taarifa. Nilisimama. Nilitumia maneno ambayo hata mimi sikuyajua vizuri. Nilisema katika miaka yangu yote ya ufundi sijapata kuona gari zima limefinyangwa kwa puti kuanzia pua hadi mkia, halina injini mbele, na linakula matairi kama njugu.

"Nilijua," baba akasema upesi, na mkono wake ulikuwa tayari umeshaifikia barua ya posa kwenye droo ya cherehani.

Dada alikuwa mlangoni na sinia la vyombo. Hakulia. Aliliweka sinia chini, akafuta mikono kwenye khanga.

"Nipe hiyo sumaku."

Nikampa. Akaichukua mpaka kwenye jiko la mkaa, lile la bati. Ta! Ikanata. Akaibandua kwa nguvu, akaiweka kwenye sufuria kubwa, lile alilopikia ugali tuliokuwa tumetoka kuula. Ikateleza. Ikaanguka mkekani. Akairudisha, ikaanguka tena.

"Fundi," akaniita, "hili sufuria ni puti?"

Nikainama kuitazama sumaku mkekani.

"Nakuuliza. Umekula matonge mangapi leo? Yalipikwa ndani ya puti?"

"Hilo... hilo ni alumini, dada."

"Ahaa. Na gari haliruhusiwi kuwa alumini? Au alumini ni ya masikini tu?" Akanisogelea. Hakuwa mrefu, lakini jioni ile alikuwa mrefu kuliko mnara wa maji. "Mwenzio amekwambia halishiki sumaku. Ukamwita mwongo. Sasa sema mbele ya baba: wewe ni fundi, au si fundi?"

Ningeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi. Lakini barua ilikuwa mkononi mwa baba, na asubuhi ingerudi Tabora kwa neno langu.

"Mimi ni karani," nikasema. "Sijawahi kufungua hata nati."

Nilisubiri baba aduwae. Mzee wa watu alikuwa amewatangazia waumini wote baada ya swala kwamba mwanawe ni fundi magari.

"Najua," akasema. "Grisi ya fundi huanzia tumboni na magotini. Yako iko kwenye mkono wa kulia, pale pale, kila siku. Nimefua na kushona nguo za watu miaka thelathini. Utanidanganya mimi kwa shati?"

Nilitamani ardhi ipasuke, walau ufa wa kutosha mtu mwembamba. Lakini dada alikuwa ameacha kunitazama. Alikuwa anamtazama baba, kisha kisahani cha pini, kisha sumaku ndogo yenye uzi.

"Baba. Vifungo vya shaba vikianguka, unaviokota kwa hiyo?"

Baba akakifunika kisahani kwa kiganja.

"Haviinuki," akasema.

"Kwa hiyo ulijua sumaku haishiki kila madini. Ukajua na huyu si fundi. Ukamtuma."

Nikaelewa polepole, kama mtu wa masomo ya jioni anavyoelewa hesabu: baada ya wenzake. Mtu wa kumshuku siku zile zote alikuwa amekaa nyuma ya cherehani.

"Ukienda," baba akasema, akiikunja barua mahali ilipokwisha kunjwa, "nani anabaki katika nyumba hii? Mimi na karani."

"Ungesema hivyo, baba."

"Ningesema hivyo ungebaki kwa huruma. Nilitaka ubaki kwa sababu ya gari."

Dada aliinama, akaokota sumaku yangu mkekani, akanirudishia kwa adabu ya ajabu iliyouma kuliko kofi. Baba akaomba kalamu. Nilimpa yangu, ya ukarani, na jibu la ndiyo liliandikwa kwa wino wa gereji.

Fundi mkuu aliporudi kutoka Kibakwe na kusikia habari, alicheka mpaka akakalia tairi. "Magari mangapi ya serikali yanapita hapa yana bodi ya alumini?" akaniuliza. "Unayaandika wewe mwenyewe!" Ni kweli, nilikuwa nayaandika.

Waliozeshwa Ijumaa ya wiki ya sita, na spea ikaja wiki iliyofuata. Shaka yangu haikuisha kwa nikaha. Niliandika namba ya lori kwenye kiganja, tena kwenye karatasi, tena ndani ya kofia. Dada akapanda mbele na begi moja, mumewe katikati yake na dereva, na nyuma yao gari lenye mbio kuliko yote duniani likaondoka Kizota kuelekea Bahi kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, maana bwana harusi hakutaka liguswe na shimo hata moja, na barabara ile ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa vumbi.

Niliwasindikiza kwa miguu. Niliwapita mara tatu. Kila nilipowapita nilisimama mbele nikawasubiri, tukaagana upya.

"Shemeji!" mumewe akapiga kelele, akichungulia dirishani juu ya bega la dada. "Umevunja rekodi!"

Safari hii niliitika. "Naam, shemeji! Mtunze!"

Dada akatoa kichwa. "Sufuria kubwa nimewaachia. Ugali wa baba usonge mpaka uive, usimpe mbichi!"

Vumbi likawafunika kabla sijajibu.

Jioni ile niliusonga mwenyewe. Mkono uliuma, jasho lilidondoka, mabonge yakajaa kama kokoto za mtoni. Nikampakulia baba. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalitazama kwa lile jicho moja, kwa muda mrefu.

"Hii sasa," akasema, "ni puti."

Akala lote.